Antena Kwanza: Jinsi ya Kuacha Kebo na Kutumia Mawimbi ya Bure

Kabla hujapiga simu kusitisha malipo ya kebo, chukua karatasi uibandike ukutani karibu na runinga. Kwa wiki mbili, kila mtu nyumbani aandike alichotazama na kwenye chaneli gani: habari, mpira, tamthilia, katuni. Mimi nilipofanya hivyo nilikuwa nalipia chaneli zaidi ya mia moja, na zilizoandikwa kwenye karatasi zilikuwa tisa. Sita kati ya hizo tisa zilikuwa zikirushwa hewani bure muda wote, juu ya paa langu, na mimi nikizilipia. Karatasi hiyo ndiyo iliyoniamulia.

Fanya hesabu yako kwa ukweli. Kama kinachokuweka kwenye kebo ni ligi fulani isiyoonyeshwa na chaneli yoyote ya bure, antena haitakupa ligi hiyo, na ni heri ulijue hilo leo kuliko baada ya kupanda juu ya paa. Lakini kama unachotaka ni habari, vipindi vya kawaida na sauti kutoka nchi za mbali, vifaa viwili vinatosha: antena ya runinga na redio ya masafa mafupi. Watu wengi huvitenganisha. Mimi naviweka pamoja kwa sababu vinajazana. Kimoja kinaleta picha kutoka minara iliyo karibu, kingine kinaleta sauti kutoka bara jingine bila intaneti. Tena vyote viwili vinatii kanuni moja: kinachoamua ni antena na mahali ulipoiweka. Mashine yenyewe huja baadaye.

Tuanze na runinga.

Hatua ya kwanza: jua mnara uko wapi

Mawimbi ya runinga husafiri karibu kama mwanga. Huenda mstari ulionyooka. Yakikuta mlima hukatika, yakikuta ukuta hupungua nguvu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ununue antena gani, uliza mnara uko upande gani, umbali gani, na katikati pana nini. Katika nchi nyingi mamlaka ya mawasiliano huchapisha orodha ya minara na masafa yake. Ukiikosa, angalia antena zilizo juu ya mapaa ya jirani zimeelekea wapi. Nyingi zikielekea upande mmoja, umeshapata jibu. Utazame pia mkao wa vijiti vyake: vikiwa vimelala, mawimbi ya mnara huo yamelala; vikiwa vimesimama wima, nawe usimamishe vyako. Ukikosea hapo unapoteza sehemu kubwa sana ya mawimbi, hata kama umeelekeza antena sawasawa.

Umbali nao una hesabu yake nyepesi. Chukua urefu wa mnara kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12: unapata kilomita ambazo mawimbi hufika kabla ya kuzuiwa na mviringo wa dunia. Fanya vivyo hivyo kwa antena yako, kisha jumlisha. Mnara wa mita 100 unatoa kilomita 41. Antena iliyo mita 9 juu ya ardhi inaongeza 12. Jumla ni 53. Ukiishusha antena hadi mita 4, jumla inakuwa 49, yaani umepoteza kilomita nne tu. Basi kwa nini tunahangaika kupanda juu? Kwa sababu ya vilivyo katikati: mapaa, kuta, na hasa miti. Majani mabichi yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya UHF, yaani yale ya runinga ya kuanzia megahezi 470. Mita tano za kwenda juu mara nyingi ndizo zinazokuvusha juu ya miti hiyo.

Ukiwa bondeni na kilima kimekaa kati yako na mnara, sema ukweli na nafsi yako. Hapo dishi la kupokea chaneli za bure za setilaiti huenda likakufaa zaidi, kwani lenyewe linatazama mbinguni.

Hatua ya pili: hakikisha runinga inaelewa mnara unasema nini

Matangazo ya kidijitali hayafanani dunia nzima. Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika hutumia mfumo wa DVB-T na mrithi wake DVB-T2. Marekani, Kanada, Meksiko na Korea Kusini hutumia ATSC. Japani, Brazili na nchi nyingi za Amerika Kusini hutumia ISDB-T, na China ina DTMB. Runinga iliyotengenezwa kwa mfumo mmoja haisomi mwingine. Hata ndani ya mfumo mmoja kuna mtego: king'amuzi cha DVB-T cha zamani hakifungui DVB-T2. Soma kijitabu cha runinga, ukurasa wa vipimo, kabla ya kununua chochote. Ikiwa kipokezi kimo ndani, huhitaji king'amuzi. Ikiwa hakimo, king'amuzi kidogo cha kuchomeka kinatosha, na runinga ya zamani inaendelea na maisha.

Angalia pia kama chaneli unazozitaka zimefunguliwa au zimefungwa. Kuna zinazorushwa kutoka mnara uleule lakini zinadai kadi na malipo. Antena huzipokea, kufunguka ni jambo jingine.

Hatua ya tatu: isome antena kabla ya kuilipia

Kwenye maboksi utakuta maneno mawili ya kuvutia: "ya kidijitali" na "kilomita 200". Yote mawili yasikubabaishe. Antena ni chuma tu, na chuma hakijui kama mawimbi yamebeba dijitali au analojia. Antena ya zamani iliyoko juu ya paa, ikiwa haijala kutu, huenda ikafanya kazi vizuri kuliko kipande cha plastiki kilichopambwa. Kuhusu kilomita 200, rudi kwenye hesabu ya hapo juu: minara mingi haina urefu wa kuruhusu umbali huo.

Unachopaswa kusoma ni urefu wa vijiti. Kijiti kinachofanya kazi hukaribia nusu ya urefu wa wimbi. Matangazo ya VHF ya juu, kati ya megahezi 174 na 230, yana wimbi la mita moja na nusu hivi, kwa hiyo vijiti vyake hufika sentimita 70 na zaidi. Yale ya UHF, kuanzia megahezi 470, huhitaji vijiti vya sentimita 25 hivi. Antena yenye vijiti vifupi peke yake ni ya UHF, na kama mnara wako una chaneli za VHF utazikosa au utazipata kwa taabu. Nimeona watu wakilaumu runinga kwa miezi kwa sababu ya jambo hili dogo.

Umbo nalo linasema. Ile yenye mti mmoja mrefu na vijiti vingi sambamba inaitwa Yagi, kwa jina la Hidetsugu Yagi, ingawa kazi kubwa ilifanywa na mwenzake Shintaro Uda huko Japani, na ilitangazwa mwaka 1926. Karibu karne nzima baadaye bado ndiyo inayotawala mapaa. Kadiri vijiti vinavyoongezeka ndivyo inavyotazama mbali zaidi, lakini kwa upenyo mwembamba zaidi: ni kama kutazama kwa darubini. Hiyo ni nzuri kama minara yote iko upande mmoja. Kama minara imetawanyika, chagua yenye vijiti vichache au ile ya umbo la vipepeo iliyo na wavu nyuma, ambayo hutazama kwa upana.

Na kama uko karibu na mnara, kilomita kumi au kumi na tano, huhitaji kununua. Kata vipande viwili vya waya mnene wa shaba, kila kimoja sentimita 12 na nusu. Viweke kwenye ubao mkavu, mstari mmoja, ncha za ndani zikiachana sentimita moja. Chukua waya wa antena, ule mnene wa duara: uzi wa katikati uunge na kipande kimoja, wavu wake wa nje uunge na kipande cha pili. Umemaliza. Hiyo ni dipoli ya UHF, na upinzani wake, omu 73 hivi, unaoana vizuri na waya wa omu 75. Ukitaka nguvu zaidi, weka wavu wa chuma sentimita 12 hivi nyuma yake uwe kiakisi. Mtoto wa shule anaweza kuitengeneza, na ningependa kila mtoto wa shule aitengeneze mara moja, maana akishaona picha inatoka kwenye vipande viwili vya waya hataogopa tena kifaa chochote.

Hatua ya nne: jaribu kabla ya kutoboa ukuta

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Funga antena kwenye mti wa fagio au bomba la plastiki. Mtu mmoja aishike, mwingine akae kwenye runinga akiwa amefungua ukurasa wa nguvu za mawimbi, ambao huwa ndani ya mipangilio ya chaneli. Ukurasa huo una mistari miwili: nguvu na ubora. Fuata ubora. Nguvu inaweza kuwa kubwa na picha isitoke, kwa sababu mawimbi yamegonga jengo, yakarudi, na sasa yanafika mara mbili kwa nyakati tofauti.

Zungusha antena polepole, kisha subiri sekunde kadhaa. Runinga za kidijitali huchelewa kujibu. Kisha isogeze. Sogeza nusu mita kushoto, nusu mita kulia, ipandishe, ishushe. Wimbi la UHF ni la nusu mita tu, kwa hiyo hatua moja inaweza kuwa tofauti ya mchana na usiku. Nilihangaika alasiri nzima na kona moja ya paa ambayo ilionekana bora kwa kila kipimo. Mwishoni nilisogea hatua mbili kuelekea kona nyingine, chini kidogo, na chaneli nne zikajitokeza kwa mara moja. Hakuna kitabu ambacho kingenionyesha mahali hapo.

Kumbuka kwamba dijitali haina njia ya kati. Analojia ilikuwa ikidhoofika kwa chengachenga na bado unaona sura za watu. Dijitali hukaa safi, safi, safi, kisha ghafla picha inakatika vipandevipande na kutoweka. Kwa hiyo usiridhike na mahali ambapo picha inatoka kwa shida siku yenye jua. Tafuta mahali penye akiba, ili mvua na upepo vikija pabaki kitu.

Ukipapata, agiza runinga itafute chaneli zote upya. Rudia utafutaji huo kila baada ya miezi michache, kwani vituo huongezwa na masafa huhamishwa.

Waya, vigawanyi na busta

Haya yapite haraka lakini usiyadharau. Tumia waya wa RG-6, wa omu 75. Mita 30 za waya huo hula karibu desibeli 5 kwenye UHF, yaani zaidi ya nusu ya nguvu zote zilizoingia. Mwembamba zaidi hula zaidi. Kwa hiyo kata unachohitaji, usiache mizunguko nyuma ya kabati. Kigawanyi cha kupeleka runinga mbili hupunguza desibeli tatu na nusu kwa kila upande. Ukiwa na runinga moja, kiondoe.

Busta, yaani kikuza mawimbi, haiumbi mawimbi yasiyokuwepo. Inakuza ilichopewa, kelele ikiwa ndani yake. Kazi yake halali ni kufidia waya mrefu na kigawanyi, na mahali pake ni juu, karibu na antena, kabla waya haujala nguvu. Ikiwekwa nyuma ya runinga inakuza mabaki. Na ukiwa karibu na mnara inaweza kuharibu kila kitu kwa kukilemea kipokezi. Nimeshawahi kurudisha picha kwa kuiondoa tu.

Jambo jingine linalosumbua siku hizi ni minara ya simu. Masafa ya juu ya UHF yaliyokuwa ya runinga yamepewa mitandao ya simu: Ulaya na Afrika runinga imebaki chini ya megahezi 694, na Marekani chini ya 608. Antena za zamani zilitengenezwa kupokea hadi 800 na zaidi, kwa hiyo humeza mawimbi ya simu pia. Picha ikikatika na kuna mnara wa simu karibu, chujio dogo la kuchomeka kwenye waya hulimaliza tatizo.

Viungo vyote vya nje vifungwe kwa utepe wa mpira usiopitisha maji, na kabla waya haujaingia ndani uache uning'inie kama bembea, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuufuata hadi kwenye runinga.

Usalama, na sitaki uruke sehemu hii

Mlingoti wa antena na nyaya za umeme visikutane hata kwa bahati mbaya. Kabla ya kusimamisha, jiulize: ukiniponyoka na kuanguka upande wowote, utagusa waya wa umeme? Kama jibu ni ndiyo au labda, hamisha. Usipande paa lenye maji, usifanye kazi peke yako, usifanye kazi mawingu ya radi yakiwa yanakusanyika. Mlingoti wa chuma uungwe kwa waya mnene hadi kwenye chuma kilichozikwa ardhini, na chuma hicho kiungwe na ardhi ya umeme wa nyumba. Hilo la mwisho mwachie fundi umeme. Hata hivyo, radi ikikupiga moja kwa moja hakuna waya wa ardhini utakaookoa kifaa. Ngurumo zikianza, chomoa waya wa antena na plagi ya umeme. Haya yote yanaihusu pia antena ya redio tunayoijia sasa.

Redio ya masafa mafupi

Huku mambo yanageuka. Runinga inataka kuuona mnara; masafa mafupi hayajali mnara uko wapi. Mawimbi ya kati ya megahezi 3 na 30 hupanda angani, yakafika kwenye tabaka lililochajiwa na jua ambalo wataalamu huliita ionosfia, yakapindwa na kurudi ardhini kilomita elfu mbili au tatu mbele. Yakigonga ardhi au bahari hupanda tena. Kwa kurukaruka hivyo kituo kimoja huzunguka nusu ya dunia bila setilaiti, bila kebo, bila kampuni yoyote kati yako na mtangazaji. Sijaacha kulishangaa jambo hili.

Ni kweli vituo vimepungua. BBC iliacha kurusha masafa mafupi kuelekea Amerika Kaskazini mwaka 2001, na Radio Netherlands ikanyamaza kwenye masafa hayo mwaka 2012. Lakini vita vilipoanza Ukraine, Machi 2022 BBC ilirudisha matangazo ya masafa mafupi ya saa nne kwa siku kwa ajili ya eneo hilo. Ilitumia kilohezi 15735 alasiri na 5875 usiku. Shika namba hizo mbili, maana zina somo ambalo tutalirudia.

Uchaguzi wa redio. Tafuta yenye kuonyesha masafa kwa tarakimu, siyo sindano, ili uandike 9700 na uipate 9700. Iwe na tundu la antena ya nje. Iwe inatumia betri, na sababu yake utaiona hapo chini. Uwezo wa kuchagua upana wa kusikiliza husaidia pale vituo viwili vinapobanana. Kama unatamani kusikia waongozaji wa redio za ridhaa, marubani na mabaharia, dai yenye SSB, yaani uwezo wa kufungua sauti inayorushwa kwa upande mmoja tu wa wimbi; bila hiyo sauti zao hutoka kama bata. Kwa vituo vya kawaida SSB si lazima.

Jifunze mita na saa. Vituo vimekusanyika kwenye kanda zinazoitwa kwa mita. Gawanya 300 kwa megahezi unapata mita: 300 kwa 9.7 ni 31, basi uko mita 31. Kanda za kushika kichwani ni mita 49 (kuanzia kilohezi 5900 hadi 6200), mita 41 (7200 hadi 7450), mita 31 (9400 hadi 9900), mita 25 (11600 hadi 12100), mita 19 (15100 hadi 15830) na mita 16 (17480 hadi 17900).

Sasa lile somo. Mchana jua huumba tabaka la chini, kati ya kilomita 60 na 90, ambalo hunyonya masafa madogo kabla hayajafika juu. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na masafa madogo yanafunguka. Lakini tabaka la juu nalo hudhoofika, na masafa makubwa hupenya na kupotelea angani. Ndiyo maana BBC ilitumia 15735 jua likiwapo na 5875 giza likiingia. Kwako ni hivi: mchana tafuta kwenye mita 19 na 16, usiku kwenye mita 49 na 41. Mita 31 na 25 hufaa asubuhi na jioni, na mara nyingi hata katikati. Saa ninayoipenda kupita zote ni ile ya magharibi, jua linapozama, wakati kanda za mchana na za usiku ziko wazi kwa pamoja. Anayeanza aanze saa hiyo. Wengi hufungua redio saa sita mchana kwenye mita 49, wakakuta kimya, wakairudisha dukani.

Ratiba zote huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa moja ya pamoja kwa dunia nzima, kwa hiyo weka saa moja ya ukutani ibaki UTC. Na usishangae kituo cha nchi jirani kukosekana huku cha ng'ambo ya bahari kikisikika: mawimbi yanaporuka huwavuka walio karibu.

Fukuza kelele. Hii ndiyo sehemu inayoamua, na ndiyo wengi wanayoiacha. Jioni yangu ya kwanza na redio mpya nilisikia mngurumo mmoja kuanzia mita 49 hadi mita 16. Nikadhani ni mbovu. Nikaitoa nje uani, hatua thelathini kutoka nyumbani, na vituo vikamiminika. Nyumba ndiyo iliyokuwa mbovu.

Fanya jaribio hili. Weka redio kwenye betri, itege mahali pasipo na kituo, kisha zima swichi kuu ya umeme. Kelele ikishuka, mchawi yumo ndani. Washa umeme, halafu chomoa kifaa kimoja baada ya kingine ukisikiliza. Kwangu ilikuwa chaja ya simu isiyokuwa hata na simu. Watuhumiwa wengine wa kawaida ni taa za LED za bei ya chini, vigeuzi vya umeme wa jua, runinga yenyewe, na vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Kinachoweza kuondolewa kiondoe. Kisichoweza, zungushia waya wake mara kadhaa kwenye pete ya feriti, karibu kabisa na kifaa. Kelele isiposhuka hata umeme ukiwa umezimwa, inatoka kwa jirani, na dawa yake ni kuisogeza antena upande wa pili wa kiwanja.

Waya wa nje. Chukua waya wowote wa shaba wenye ganda, mita 10 hadi 20. Ncha moja ifunge kwenye mti kwa kamba ya nailoni, ncha ya pili kwenye nguzo iliyo mbali na nyumba. Kamba yenyewe inatosha kuwa kihami. Uacheni waya ulegee kidogo, kwani mti hutikisika. Ukiwa na redio ndogo ya mkononi, kwanza bana waya huo kwenye antena yake ya kuvuta kwa kibano cha mamba, usikilize. Ikianza kutoa vituo vilivyorundikana mahali pasipostahili, imelemewa. Fupisha waya hadi mita 5 au 6.

Mpango ulio bora zaidi ni kushusha mawimbi kwa waya wa koaksia, ule wa duara wenye wavu wa nje kama wa antena ya runinga. Mwanzoni mwa koaksia, huko nje, weka transfoma ndogo ya tisa kwa moja, na hapohapo uzike chuma cha ardhini. Maana yake ni kwamba sehemu inayosikiliza iko mbali na nyumba, na ile inayopita ndani ya nyumba imefunikwa haisikii kitu. Kama huna uwanja kabisa, kitanzi cha waya chenye upana wa mita moja hivi, kilichowekwa dirishani au roshanini, kina hekima yake: kinaziba sikio pande mbili zinazokabiliana, na ukikizungusha unaweza kuuelekeza upande mmojawapo kwenye kelele.

Kupima kazi yako, tega 5000, 10000 au 15000. Hapo hutangaza vituo vya saa, kikiwemo WWV cha Fort Collins huko Marekani, mchana na usiku bila kukoma: mlio wa tiki kila sekunde. Vinavyosikika kwa saa hiyo vinakuambia kanda zipi ziko wazi, kabla hujapoteza muda kutafuta kituo. Na ukitaka kujua kama kituo kiko hewani kweli au ni wewe usiyekipata, fungua kwenye intaneti kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ambacho yeyote anaweza kukitega akiwa mbali.

Daftari. Anza nalo siku ya kwanza. Andika tarehe, saa ya UTC, masafa, lugha, na hali ya usikivu kwa tarakimu tano za SINPO, kila moja kuanzia 1 hadi 5: nguvu, mwingiliano wa vituo vingine, kelele, kupwa na kujaa kwa sauti, na hali kwa jumla. 55555 ni kama kituo kiko chumbani. 24332 ni dhaifu lakini kinaeleweka. Vituo vingi hupokea ripoti za namna hii, na baadhi hujibu kwa kadi ya uthibitisho. Ripoti nzuri hutaja mambo mawili matatu uliyoyasikia ili wajue hukunakili ratiba.

Vituo hubadilisha masafa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kufuata majira. Wiki hiyo nusu ya daftari lako itakuwa imepitwa na wakati. Kaa saa ya magharibi, anza mita 49, panda taratibu hadi mita 16, na uandike upya utakachokikuta.